Kuelewa Vipimo vya Klorini katika Bwawa la Kuogelea la Nyumbani

Bwawa la kuogelea si jambo la hoteli peke yake tena katika visiwa vya Zanzibar. Kuanzia Matemwe hadi Paje na Jambiani, na hata pembezoni mwa mji, zipo nyumba za watu binafsi zenye bwawa uani, na baadhi yake hukodishwa kwa wageni. Mwenye nyumba akiwa mjini au ng'ambo, kazi ya maji huachiwa mtunzaji mmoja, ambaye aghlabu hukabidhiwa ndoo ya dawa, kisanduku kidogo cha kupimia na maelezo mafupi kwamba rangi ikitokea ya waridi basi maji ni mazima. Maelezo hayo hayatoshi, na mara nyingine yanaweza kumpeleka mtu upande usiofaa kabisa. Rangi inayoonekana kwenye kichupa ni jibu la suali moja tu, na asiyejua suali lililoulizwa hawezi kulielewa jibu lake.

Kuoga katika majengo maalumu si jambo geni mjini Unguja. Mabafu ya Hamamni, yaliyojengwa wakati wa Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, yangalipo kama kumbukumbu. Lakini maji ya hamamu yaliingia kwa mfereji na kutoka. Maji ya bwawa la leo hayatoki. Huvutwa na pampu, hupita kwenye chujio, kisha hurudi palepale pamoja na jasho, mafuta ya mwili, mabaki ya sabuni na mkojo wa watoto. Chujio huondoa taka zinazoonekana, lakini haliui vijidudu. Ndiyo maana maji hayo yanahitaji dawa inayobaki ndani yake saa zote, ili mgonjwa mmoja akiingia majini asiwaambukize wenziwe kabla pampu haijamaliza mzunguko.

Dawa hiyo kwa kawaida ni klorini. Inapokuwapo kwa kiwango cha miligramu 1 katika kila lita ya maji, na maji yakiwa na pH isiyozidi 7.5, vijidudu vingi vya kuharisha vya aina ya bakteria hufa kwa muda usiofika dakika moja. Kirusi cha homa ya ini ya aina A huhitaji kama dakika 16, na kijidudu cha giadia kama dakika 45. Kipo kimoja, kriptosporidiamu, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 10 katika kiwango hicho hicho. Kwa sababu hiyo mtoto anayeharisha hapaswi kuingizwa bwawani hata kama kipimo cha asubuhi kilikuwa kizuri.

Kipimo cha "miligramu kwa lita" hutajwa pia kama sehemu moja katika milioni, na kwa maji ya bwawa maneno hayo mawili yana maana moja. Faida yake ni wepesi wa hesabu: gramu 1 ya klorini ikichanganyika katika mita 1 ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, hutoa miligramu 1 kwa lita.

KLORINI HURU, ILIYOUNGANA NA JUMLA

Klorini ikitiwa majini haikai katika hali moja. Sehemu yake hubaki huru, tayari kuua vijidudu. Sehemu nyingine hukutana na amonia na uchafu mwingine wa jasho na mkojo, ikaungana nao na kuwa kitu kiitwacho kloramini. Kloramini nayo ni klorini, na vipimo vingine huihesabu, lakini nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo mno ikilinganishwa na ile iliyo huru. Zikijumlishwa zote mbili hupatikana klorini jumla.

Kitendanishi kinachotumika zaidi leo kwa kutenganisha hali hizi kinajulikana kwa herufi DPD. Njia yake ilitungwa na mkemia wa Kiingereza, Arthur Palin, mwaka 1957, na bado ndiyo inayotegemewa na mafundi wa mabwawa na maofisa wa maji ya kunywa vilevile. Kidonge cha kwanza hutiwa kwenye kichupa cha maji ya bwawa na kutoa rangi ya waridi. Rangi hiyo hulinganishwa mara moja na kibao cha rangi, na tarakimu inayopatikana ni ya klorini huru. Kidonge cha tatu huongezwa katika maji yale yale, husubiriwa dakika 2, na tarakimu ya pili ni ya klorini jumla. Ukitoa ya kwanza kutoka ya pili, kilichobaki ni klorini iliyoungana.

Kidonge cha tatu kina chumvi ya iodini. Kichupa kisiposuuzwa vyema baada yake, mabaki machache tu hutosha kuifanya klorini iliyoungana ionekane kama huru katika kipimo kinachofuata. Mtunzaji anayepima haraka haraka, bila kusuuza, atapata tarakimu nzuri kila siku huku maji yakizidi kuharibika.

Visanduku vya zamani, ambavyo bado vinaonekana katika baadhi ya nyumba, hutumia majimaji yanayogeuza maji kuwa ya njano. Hivyo hupima klorini jumla tu, na haviwezi kutenganisha. Kitendanishi chake, othotolidini, kinashukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo maji yaliyopimiwa yasimwagwe tena bwawani wala yasiguswe kwa mikono mitupu. Ni vyema visanduku hivyo vikaachwa.

Chukuliwe mfano wa bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ujazo wake ni mita 48, sawa na lita 48,000. Baada ya sikukuu, watoto wa ukoo mzima wakiwa wameshinda humo kutwa, mtunzaji anapima kwa kisanduku cha njano na kupata miligramu 2.4. Anaridhika. Lau angalipima kwa DPD, angalikuta klorini huru ni 0.6 na jumla ni 2.4. Maana yake klorini iliyoungana ni 1.8, na bwawa liko chini ya kiwango cha usalama.

Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Maradhi kinaelekeza kwamba klorini huru ya bwawa isipungue miligramu 1 kwa lita, au miligramu 2 pale inapotumika dawa ya kuizuia isiunguzwe na jua, ambayo itaelezwa hapa chini. Klorini iliyoungana hutakiwa isizidi 0.4.

Hapa inafaa kusahihisha jambo linaloaminiwa na wengi. Macho yakiwasha na harufu kali ikipanda kutoka majini, watu husema dawa imezidi. Aghlabu ni kinyume chake. Harufu ile ni ya kloramini, na kloramini hujaa pale klorini huru ilipokuwa haba kwa kazi iliyopewa. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na maji safi halina harufu kubwa. Mwenye nyumba anayeamuru dawa ipunguzwe kwa sababu ya harufu huwa anawaondolea wanawe hata ile kinga ndogo iliyobaki. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani, na kuwapeleka watoto chooni kila baada ya saa moja, hupunguza kloramini kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kloramini iliyokwisha kujaa huvunjwa kwa kuongeza klorini kwa wingi mara moja, jioni, wakati hakuna muogaji. Kanuni iliyozoeleka ni kuongeza mara 10 ya klorini iliyoungana. Katika mfano uliotajwa, 1.8 mara 10 ni miligramu 18 kwa lita. Kwa mita 48 za ujazo, hiyo ni gramu 864 za klorini halisi. Unga wa kalsiamu haipokloraiti wenye nguvu ya asilimia 65 utahitajika kiasi cha kilo 1.3. Kuongeza kidogo kidogo, kijiko leo na kijiko kesho, hakufikishi kwenye kiwango cha kuvunja, na dawa yote hiyo hupotea bure.

KICHUPA CHEUPE KINACHODANGANYA

Asubuhi ya pili yake ndiyo yenye hatari zaidi. Mtunzaji anachota maji, anatia kidonge cha kwanza, anatikisa, na maji hayabadiliki. Kichupa ni cheupe kabisa. Kwa kadiri alivyofundishwa, weupe maana yake ni sifuri, na sifuri maana yake ni kuongeza dawa. Anaongeza. Alasiri watoto wanaingia.

Kumbe klorini haikuwa sifuri. Ilikuwa nyingi mno hata ikaifuta rangi ya DPD papo hapo, kama dawa ya kung'arishia nguo inavyofuta rangi ya kanga. Jambo hili huanza kutokea klorini inapopindukia kiasi cha miligramu 10 kwa lita, na hutegemea aina ya kisanduku. Kichupa cheupe, kwa hiyo, kina maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi: hakuna klorini, au ipo nyingi kuliko kipimo kinavyoweza kuonesha. Maji yenye klorini nyingi kiasi hicho huunguza macho na ngozi, na mvuke wake unaweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua.

Zipo dalili za kutofautisha. Ya kwanza ni kuangalia kichupa tangu kidonge kinapogusa maji. Waridi ikichomoza kwa nukta chache kisha ikatoweka, klorini ni nyingi. Ya pili ni kipimo cha pH. Kitendanishi chake chekundu kikikutana na klorini iliyozidi hugeuka zambarau, rangi isiyokuwamo kabisa katika kibao, na tarakimu ya pH siku hiyo haina thamani yoyote. Ya tatu, ambayo ndiyo ya kuaminika, ni kupunguza nguvu ya maji kabla ya kupima. Kwa kichupa cha mililita 10, huchukuliwa mililita 2 za maji ya bwawa na mililita 8 za maji ya chupa ya kunywa yasiyo na klorini, kwa kutumia bomba la dawa lisilo na sindano. Hupimwa kama kawaida, na jibu huzidishwa mara 5. Likitokea 3, bwawa lina miligramu 15. Huachwa wazi kwenye jua, hupimwa tena, na haliingiwi mpaka kiwango kishuke na kufika miligramu 4 au chini yake.

Kanuni ya kumpa mtunzaji, basi, ni kwamba kichupa cheupe hakiruhusu kuongeza dawa mpaka maji yawe yamepimwa mara ya pili kwa njia hii. Kipimo hicho huchukua dakika 5.

TARAKIMU MOJA, NGUVU MBALIMBALI

Mabwawa mawili yanaweza kusoma miligramu 2 za klorini huru, na moja likawa salama kuliko jenziwe kwa mara nne. Tofauti iko katika pH, kipimo kinachoonesha kama maji yameelemea upande wa tindikali au wa magadi. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni magadi.

Klorini huru iliyomo majini imegawika katika sura mbili. Moja huua vijidudu kwa kasi, na nyingine ni goigoi. Katika pH ya 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini huwa katika sura ya kwanza. Ikifika 7.5, hubaki kiasi cha nusu. Ikipanda hadi 8.2, hubaki kama sehemu moja katika sita. DPD haitofautishi sura hizi. Zote huzihesabu kuwa huru. Kwa hiyo bwawa lenye miligramu 2 katika pH ya 8.2 lina nguvu ya miligramu 0.3 hivi tu ya klorini kali. Kiwango kinachoelekezwa ni pH kuanzia 7.0 hadi 7.8.

Jambo hili linahusu Unguja kwa namna ya pekee. Ardhi ya maweni ya upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hupita katika chokaa kabla hayajafikia ndoo. Maji hayo ni magumu, yameelemea upande wa magadi, na yakichezwachezwa na hewa pH yake hupanda. Bwawa jipya lililopakwa saruji huipandisha zaidi kwa miezi kadhaa, na unga wa kalsiamu haipokloraiti nao huisukuma juu. Dalili yake ni maji yenye ukungu na utando mweupe unaokwaruza kwenye vigae. Kwa hiyo atumiaye maji ya kisima cha pwani asipime klorini peke yake hata siku moja. pH hupimwa kwanza, hurekebishwa kwa asidi maalumu ya mabwawa kwa kufuata maelezo ya kopo, kisha klorini hutazamwa. Mara nyingi itaonekana kwamba dawa iliyodhaniwa haitoshi ilikuwa ikitosha.

JUA, NA DAWA YA KULIZUIA

Jua la nchi hizi zilizo karibu na ikweta ni adui mkubwa wa klorini. Katika bwawa la wazi lisilo na kinga, nusu ya klorini huru huweza kupotea kwa muda usiofika saa moja ya jua la adhuhuri. Kipimo cha saa 12 asubuhi, kwa hivyo, hakisemi lolote juu ya maji ya saa 9 alasiri, na huo ndio wakati ambao watoto wako majini. Ni bora kupima mara mbili: asubuhi, na tena kabla ya waogaji wa alasiri.

Ili kuzuia upotevu huo hutumika asidi ya sayanuriki, ambayo huishikilia klorini na kuikinga na jua. Vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole ndani ya kikapu kinachoelea huwa nayo ndani yake, ingawa wengi wanaovinunua hawajui. Kwa kila miligramu 10 za klorini ambazo vidonge hivyo huingiza katika lita ya maji, huingiza pia kama miligramu 6 za asidi hii. Klorini hutumika ikaisha. Asidi ya sayanuriki haiishi. Haipandi hewani kwa mvuke na haiunguzwi na jua. Hulundikana.

Bwawa la mfano likipewa miligramu 2 za klorini kila siku kwa vidonge hivyo, hupokea pia miligramu 1.2 za sayanuriki kila siku. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi wiki ya pili ya Septemba ni siku 100, msimu wa wageni na wa mvua chache, na tarakimu itakuwa imefika 120. Wakati huo DPD bado itaonesha waridi nzuri ya miligramu 2, kwa sababu klorini iliyoshikiliwa na sayanuriki nayo huhesabiwa kuwa huru. Lakini imeshikwa mno hata kazi yake imezorota, na maji huanza kuota ukijani ilhali kipimo kinasema hakuna ubaya. Wataalamu wa Marekani wameshauri kwamba sayanuriki isizidi mara 20 ya klorini huru. Kwa sayanuriki ya 120, klorini huru ingalipaswa kuwa 6, si 2. Kiasi kinachopendelewa na mafundi wengi ni sayanuriki kati ya 30 na 50.

Kipimo chake ni chepesi. Maji ya bwawa huchanganywa na kitendanishi chake yakageuka meupe kama tui, kisha humiminwa kidogo kidogo kwenye kichupa chenye doa jeusi chini yake mpaka doa lisionekane. Urefu wa maji ndio unaosomwa. Hufanywa mara moja kwa mwezi.

Hakuna dawa ya kawaida ya kuondoa sayanuriki iliyozidi isipokuwa kumwaga maji na kutia mengine. Kuiteremsha kutoka 120 hadi 40 ni kubadilisha theluthi mbili ya bwawa. Katika lita 48,000, hiyo ni lita 32,000, sawa na ndoo 1,600 za lita 20. Katika vijiji ambavyo akina mama hungoja maji ya mfereji kwa zamu, na ambavyo kisima kikivutwa kupita kiasi huanza kuingia chumvi ya bahari, hesabu hiyo si ya mwenye bwawa peke yake. Mtunzaji anayebadilisha kati ya vidonge na unga usio na sayanuriki, kwa kuongozwa na kipimo cha kila mwezi, huenda asilazimike kumwaga bwawa kwa miaka. Mvua za masika nazo husaidia, kwa kuwa maji yanayofurika huchukua sehemu ya sayanuriki, ila humo humo hupunguza klorini na kuleta majani na udongo, na siku ya mvua kubwa maji hupimwa upya.

Ama mabwawa yanayosemwa kuwa ni ya chumvi na hayana klorini, ieleweke kwamba mashine yake hutengeneza klorini hiyo hiyo kutokana na chumvi kwa nguvu ya umeme. Vipimo vyake ni hivi hivi, na umeme ukikatika utengenezaji nao husimama.

NAMNA YA KUCHOTA NA KUHIFADHI

Maji ya kupima huchotwa kwenye kina cha kiwiko cha mkono, mbali na tundu linaloingiza maji na mbali na kikapu cha vidonge, kwani uso wa maji na mdomo wa bomba havilingani na bwawa zima. Kichupa husuuzwa mara tatu kwa maji ya bwawa. Kidonge hakiguswi kwa vidole. Rangi husomwa kivulini, kichupa kikiwa mbele ya kitu cheupe, na msomaji awe amevua miwani ya jua.

Vitendanishi huharibika kwa joto na unyevu. Vipande vya karatasi vya kupimia, ambavyo watu huvipenda kwa wepesi wake, ndivyo vinavyoharibika upesi zaidi. Kopo likiachwa wazi siku chache za masika, rangi zake haziaminiki tena. Kisanduku kisihifadhiwe katika banda la pampu pamoja na dawa. Kiwekwe ndani ya nyumba, na tarehe ya mwisho ya matumizi iangaliwe wakati wa kununua.

Matokeo yaandikwe daftarini: tarehe, saa, klorini huru, klorini jumla, pH, idadi ya waogaji na dawa iliyotiwa. Ofisa wa afya akifika katika nyumba inayokodishwa, daftari lenye tarakimu zinazopanda na kushuka humweleza mengi. Daftari lenye 2.0 kila siku kwa miezi mitatu humweleza jambo jingine.

TAHADHARI

Unga wa kalsiamu haipokloraiti na vidonge vyenye sayanuriki, ingawa vyote vinaitwa klorini, visichanganywe kamwe, hata kwa kutumia kijiko au ndoo moja, kwani huweza kulipuka au kuwaka moto. Klorini isikutanishwe na asidi, kwa kuwa hutoa gesi ile ile iliyotumika kama silaha huko Ypres mwezi wa Aprili 1915. Dawa hutiwa kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya dawa. Mtunzaji apewe glavu na kinga ya macho, na afungue kopo akiwa nje, upepo ukimtoka mgongoni.

Inatakiwa pia ifahamike kwamba dawa ya bwawa si dawa ya kisima. Zanzibar imepatwa na kipindupindu tangu karne ya 19, na tena mwaka 1978 na miaka mingine iliyofuata, na klorini ni miongoni mwa kinga zake. Lakini maji ya kunywa hutakiwa yabakiwe na miligramu 0.2 hadi 0.5 tu kwa lita, na dawa yake ni ile iliyothibitishwa kwa kunywa. Vidonge vikubwa vya bwawa vimetengenezwa kwa kazi nyingine, na jirani akiomba kimoja kwa ajili ya tangi la nyumbani asipewe. Aelekezwe kituo cha afya.

Maji ya bwawa yanapolazimika kumwagwa, dawa husimamishwa kwanza na bwawa huachwa juani siku kadhaa mpaka klorini jumla isome sifuri, sifuri ya kweli iliyothibitishwa kwa kupunguza nguvu ya maji kama ilivyoelezwa. Baada ya hapo humwagwa polepole penye ardhi inayonyonya, mbali na visima, na si kwenye njia ya maji inayoelekea pwani, ambako akina mama wanalima mwani.